Maneno Chini ya Kishale

Jumatatu, 3 Februari

Babu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Najua utasema nimekuandikia kwa sababu nina shida. Ni kweli, nina shida. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho uliishika kichwa chini ukamwambia Bibi kwamba nina sauti ya marehemu. Bora barua.

Nina hasira, Babu. Unakumbuka wamenipa kazi ya kutengeneza dashibodi ya ofisi ya afya. Si ile ya gari, kwa hiyo usianze. Ni ukurasa kwenye kompyuta unaoonyesha zahanati zote za wilaya, kila moja na mstari wake. Wagonjwa wakiwa wengi, mstari unakuwa mrefu na wa kijani. Wakiwa wachache, unakuwa mfupi na mwekundu. Mkurugenzi anautazama, ndipo anaamua dawa ziende wapi na wauguzi waende wapi.

Lakini mstari peke yake hausemi kitu. Zahanati inaweza kuwa nyekundu kwa sababu watu ni wazima, au kwa sababu muuguzi alikuwa anajifungua. Kwa hiyo nilikuwa nimeweka njia tatu za kuuhoji. Ya kwanza ni kichujio pembeni: unachagua miezi unayoitaka, mingine inaondoka. Ya pili, unabofya mstari wenyewe nao unafunguka, unaingia ndani ya zahanati kama aliyesukuma mlango. Ya tatu ni kidokezo: unasogeza kishale juu ya mstari bila kubofya chochote, kijisanduku cha maneno kinachomoza, ukiondoa kishale kinapotea.

Ijumaa Mkurugenzi akaja akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Akasema skrini imejaa kama duka la mitumba. Yeye anataka skrini safi. Nibakize njia moja, mbili nizitupe. Kazi niliyoifanya tangu mwaka jana, anaifagia kwa mkono ulioshika kikombe. Kidogo nikigonge kwa kiwiko.

Wewe umeshona viatu maisha yako yote kwa watu wasiojua wanachotaka. Ungebakiza ipi? Mimi moyo wangu uko kwenye kichujio.

Msalimie mke mwenzangu. Mguu wake vipi?

Mjukuu wako,
Mke Mdogo

*

Jumapili, 9 Februari

Mke wangu mdogo uliyenitoroka ukaniachia huyu mzee,

Marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la mkate, nayo ilinukia vizuri kuliko yaliyomo. Nimemsomea bibi yako, akauliza hiyo mistari inaumwa nini mpaka iwe nyekundu.

Huyo Mkurugenzi wako namjua. Simjui kwa sura, namjua kwa aina yake. Amekalia kigoda changu miaka na miaka, leo ni mwalimu, kesho ni afande, keshokutwa ni kadhi, lakini ni yule yule. Unamweleza ngozi, unamweleza gundi, anakutazama kama mbuzi aliyesomewa gazeti. Anataka king'ae, basi.

Sasa sikiliza. Kichujio tupa. Ukimwambia mkubwa achague miezi, atakwambia umchagulie wewe, kwa sababu ndiyo kazi yako. Kubofya tupa. Akisukuma mlango akakuta ndani kuna vyumba vingine, atapotea humo na lawama utapewa wewe. Bakiza hicho kidokezo, hicho kinachochungulia na kukimbia kama mjusi. Kiatu kizuri huficha uzi. Anayetaka kuuona uzi atainama.

Hayo ni mawaidha ya mtu aliyeishia darasa la nne, nalo alilirudia kwa kulipenda. Yachukue kwa bei yake.

Mguu wa bibi yako unaendelea. Kile kidonda cha kidoleni kimeanza kufunga mdomo. Umsikie sasa anavyojidai, maana zahanati yetu imefunguliwa tena. Unajua walivyoichimbua sakafu tangu Oktoba mpaka mwaka ukaisha. Wakati huo tulikuwa tunampeleka hospitali kubwa, kutwa nzima njiani, na yeye akinitukana tangu stendi mpaka stendi. Sasa ni kuvuka barabara tu. Yule muuguzi tunayemwita Pamba anamsafisha kila Jumanne na Ijumaa, na sukari yake anampima hapo hapo. Anamwambia bibi yako, mama, kidonda cha mwenye sukari hakitaki kupewa likizo.

Usimwagie mtu chai. Chai ni ghali.

Babu,
mume asiye na mpinzani

*

Jumatano, 2 Aprili

Wewe,

Salamu leo sina.

Kuna karatasi imebandikwa kwenye mlango wa zahanati. Imepigwa mhuri, imesainiwa na huyo huyo Mkurugenzi wako wa skrini safi. Inasema kituo hiki kitafungwa mwisho wa mwezi kutokana na uchache wa wagonjwa. Nimeisoma mara ya kwanza nikadhani miwani imechafuka. Nikaifuta. Uchache ukabaki pale pale.

Uchache wa nani? Ile foleni ya asubuhi ni ya kondoo? Mimi mwenyewe siku nyingine nampeleka bibi yako alfajiri awahi benchi, vinginevyo anasimama.

Wala hawakungoja mwisho wa mwezi. Friji ya dawa wameshaibeba. Pamba wamempangia kituo kingine, hapa anakuja siku moja tu kwa wiki, na siku hiyo hana kitu zaidi ya bandeji na aibu. Juzi aliniambia hajui amwambie nini mtu aliyekuja na mtoto mwenye homa. Nikamwambia amwambie asome mlango.

Wewe uko ofisi hiyo hiyo. Nitajie punda aliyehesabu. Simfanyi kitu, mimi ni mzee. Nataka kumwona meno tu.

Babu

*

Jumanne, 8 Aprili

Babu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeielewa.

Uamuzi ulifanywa na kamati mwezi Machi baada ya kuangalia takwimu za miezi sita, kuanzia Septemba. Vituo vyote vilipimwa kwa kipimo kimoja. Suala la zahanati yenu linashughulikiwa na nitakujulisha nikipata taarifa zaidi.

Naomba Bibi aendelee kutumia dawa zake na asikanyage maji machafu.

Mjukuu wako

*

Jumamosi, 12 Aprili

Mheshimiwa Mjukuu Wangu,

Barua ile uliiandika wewe au ilijiandika yenyewe kutoka kwenye mhuri? Nimeigeuza huku na huku natafuta mahali ulipo, sikukuona. Hata utani hukuniachia. Suala linashughulikiwa. Hata mwizi wa kuku akikamatwa na manyoya mdomoni husema suala linashughulikiwa.

Septemba mpaka Februari. Vizuri. Sasa nami nihesabu, kwa elimu yangu ile ya kurudia. Katikati ya miezi hiyo, mitatu zahanati ilikuwa shimo. Mafundi walikuwa wanapikia humo. Mgonjwa angekwenda kulazwa wapi, kwenye beseni la saruji? Duka likifungwa kwa msiba, watu hawasemi halina wateja. Wanasema poleni.

Huyo aliyehesabu hakujua? Hapo ofisini hakuna hata mmoja aliyejua sakafu ilichimbuliwa, na mimi nilikuandikia kwa mkono wangu Februari? Nakuuliza mara moja tu, mke wangu, nami najua jinsi unavyokaa kimya unapokuwa umevunja kitu: wewe hukujua?

Bibi yako hajambo. Anatembea ndani ya nyumba kama bibi harusi anayeringa, polepole, polepole.

Babu

*

Alhamisi, 17 Aprili

Babu,

Punda ni mimi.

Nilijua. Sikusahau hata siku moja. Niliandika mwenyewe, neno kwa neno: ilifungwa Oktoba hadi Desemba, matengenezo ya sakafu. Nikayaweka kwenye kidokezo cha mstari wenu. Ukisogeza kishale juu yake, maneno hayo yanachomoza. Nilijaribu kwenye kompyuta yangu nikaridhika. Yanachomoza vizuri kabisa.

Siku ya kamati sikuitwa. Sisi tunaotengeneza hatuitwi. Barua yako ya tarehe mbili ilipofika ndipo nikaenda kuchungulia kile chumba chao cha mikutano, ambacho nilikuwa sijawahi kuingia. Dashibodi yangu imewekwa kwenye televisheni ukutani, Babu. Kompyuta inayoiendesha imefungiwa chumba cha pili. Mle ndani hakuna kipanya, kwa hiyo hakuna kishale. Wanakaa mezani na chai yao wanatazama rangi, basi. Nimeweka ukweli mahali pa kuguswa, kwenye chumba ambacho hakuna mtu mwenye mkono.

Ile barua ya mhuri niliiandika nikiwa nimetoka chumba hicho. Sikuwa na barua nyingine ndani yangu.

Na kabla hujaanza, nami nina hasira zangu. Nilikwambia moyo wangu uko kwenye kichujio. Kwa kichujio ningeondoa miezi ya shimo kabla hata haijafika ukutani, na mstari wenu ungekuwa wa kijani. Ni nani aliyeniandikia kwamba nikitupe? Ni nani aliyesema kiatu kizuri huficha uzi? Nilikusikiliza. Niliicheka barua yako, nikaibandika juu ya meza yangu, nikafanya ulivyosema.

Sasa tukana.

Mke Mdogo

*

Jumatatu, 21 Aprili

Wewe msomi,

Ahsante kwa ruhusa. Natukana.

Tumekusomesha mpaka bibi yako akasahau rangi ya nguo mpya, ukaenda ukakaa na walimu wenye suti, ukarudi na cheti kikubwa kama mlango wa choo. Kisha siku ya kwanza ya kuamua jambo, unamwandikia fundi viatu. Tena fundi viatu mzee. Tena babu yako, mtani wako. Mtani hapewi usukani, mwanangu. Mimi nimekutania tangu hujaota meno. Nilikwambia nitakuoa, mbona hukudai mahari?

Na kama unanisikiliza, basi nisikilize mpaka mwisho. Nilisema uzi ufichwe. Uzi. Sikusema tundu la soli. Ukificha uzi kiatu kinapendeza. Ukificha tundu, mwenye kiatu anakanyaga mwiba mbele za watu na anajua jina la aliyemshonea. Zahanati kufungwa miezi mitatu ni uzi huo?

Unasema ulikuwa umeshaamua kichujio. Aliyekwisha kuamua haandiki barua. Ulikuwa unaogopa kikombe cha yule bwana, ukatafuta mtu wa kukuambia uoga wako ni busara. Ukanipata mimi, niliye tayari kusema lolote likichekesha.

Usiniandikie tena mpaka ile karatasi itoke mlangoni.

Bibi yako anakusalimu. Amelala tu.

Babu

*

Ijumaa, 25 Aprili

Babu,

Umesema nisiandike. Naandika.

Pamba amenipigia simu. Alidhani najua. Alianza na pole, nikamuuliza pole ya nini, ndipo akaniambia. Bibi amekatwa kidole cha mguu. Jumatano ya wiki iliyopita, hospitali kubwa. Kidonda kilichokuwa kimeanza kufunga kilikaa bila kusafishwa ipasavyo tangu walipobeba vitu vyao, sukari haikupimwa, nyama ikaoza. Na wewe siku chache kabla ya hapo unaniandikia bibi harusi anayeringa. Siku tano baada ya kukatwa, unaniandikia amelala tu.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga kitandani nikitafuta mahali uliponiambia. Nimepaona. Polepole, polepole. Ile ndiyo ilikuwa taarifa? Ilitakiwa niweke kishale hapo kwenye neno la pili, yachomoze mengine? Umenitukana karatasi nzima kwa kuficha tundu, na wewe umekaa juu ya tundu lako unapiga mluzi.

Sitaki kujua kwa nini. Nikijua nitakuonea huruma, na sasa hivi sina nafasi.

Nimekwenda kwa Mkurugenzi. Nimemwambia mstari wa zahanati yenu ni wa uongo na niliyeufanya uwe uongo ni mimi. Nimemwomba nirudishe kichujio, na maneno niyaandike juu ya mstari wenyewe ambapo hata asiye na kipanya atayasoma. Akasema skrini itachafuka. Nikamwambia mguu wa bibi yangu umeshachafuka. Akaweka kikombe chini, Babu, kwa mara ya kwanza. Akasema pole, kisha akasema kamati ndiyo iliyoamua na kamati ndiyo inayoweza kubadili, nayo inakaa Jumanne. Mkazi wa eneo husika anaruhusiwa kuhudhuria.

Nauli nimemtumia Pamba. Njoo. Vaa lile koti lisilo na gundi.

Mimi

*

Jumanne, 29 Aprili

Mke wangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwa mjukuu wako. Amenipa kitanda, yeye analala chini, na tangu nifike hajaniita mume hata mara moja. Ananiita mzee, kama mlinzi wa benki. Jana aliniuliza kwa nini nilimficha habari za mguu. Nikamwambia ni wewe uliyenikataza. Ukiulizwa, kubali.

Sasa mkutano. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na jitu lenye pembe. Mkurugenzi ni kamtu kembamba, kapole, soli zake zimelika upande wa nje kama mtu anayekwepa tope maisha yake yote. Alinipa mkono, akanipa kiti. Hapo ndipo hasira ziliponipanda, maana mtu ukisafiri usiku kucha na matusi yako halafu ukaonyeshwa adabu, utayaweka wapi?

Hiyo televisheni ni kubwa kama mlango wetu. Zahanati zote zimepangwa mle kama meno, na yetu ni lile jino jekundu lililooza. Mkurugenzi akaeleza. Wajumbe wakatikisa vichwa. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa nini ile ni fupi. Akasema ni uchache wa wagonjwa. Nikamwambia, iulize yenyewe. Nikainuka nikaenda ukutani nikaweka kidole juu ya ule wekundu, kama mjukuu wako alivyoeleza. Hakikuchomoza kitu. Nikabonyeza. Nikasugua kwa mkono wa koti. Askari akaja akaniambia, mzee usiguse. Wajumbe wakacheka, na mimi nilikuwa nimewaachia wacheke, kwa sababu nilitaka waone wenyewe kwamba ule ukuta hauulizwi kitu.

Mlango ukafunguka. Mjukuu wako akaingia amekumbatia kompyuta, waya unaburuta nyuma kama mkia. Hakumwomba mtu ruhusa. Aliisogeza sahani ya biskuti, akaiweka kompyuta pale, akachomeka, akashika kile kipanya, akapeleka kishale polepole mpaka juu ya jino letu. Kikatoka kijisanduku. Maneno yenyewe madogo kama chawa. Ilibidi mama mmoja wa kamati ainuke, abadilishe miwani, asogee mpaka pua iguse ukuta, ndipo akawasomea wenzake. Ilifungwa Oktoba hadi Desemba, matengenezo ya sakafu.

Hakuna aliyecheka tena. Mkurugenzi akauliza, kwa upole wake ule ule:

"Maneno haya yalikuwepo siku tuliyoamua?"

"Yalikuwepo."

"Na wewe ulijua tunaamua kwa kutazama ukuta."

"Sikujua. Ilikuwa kazi yangu kuuliza mtaangalia wapi, sikuuliza. Na wewe ulitaka skrini safi, nikakubali. Sikupaswa kukubali."

Mke wangu, nilisimama. Nilitaka kuwaambia kwamba hayo ya kuficha alifundishwa na mimi, wanilaumu mimi. Nikafungua mdomo, nikasikia kisigino cha mjukuu wako kimetua juu ya sugu la kidole changu, lile lile unalolijua. Nikakaa. Nje akaniambia hata bila kunitazama: wameshajua niliwaficha kitu, unataka wajue na kwamba nilimfuata fundi viatu? Nikaona ana haki. Sikumwambia.

Walivyoamua ni hivi. Karatasi itolewe mlangoni. Friji irudi. Lakini kituo kitafunguliwa Jumanne na Ijumaa tu, na hesabu ianze upya Mei mpaka mwisho wa Julai, wote wakijua sasa kwamba kinafanya kazi siku mbili. Mstari ukibaki mwekundu, wanafunga na hawatasikiliza mtu. Mjukuu wako amepewa barua ya onyo. Ameikunja mara mbili akaitia mfukoni kama tikiti.

Kisha akarudi mezani kwake, nami nikakaa pembeni namtazama. Alikitoa kidokezo. Akarudisha kichujio. Na juu ya kila mstari wenye kasoro akaandika maneno meusi, manene, yasiyongoja kishale cha mtu. Mkurugenzi akaja akasimama nyuma yake na kikombe. Akasema, inachukiza. Akajibiwa, ndiyo.

Nangoja barua ya kamati ipigwe mhuri, nije nayo. Usikanyage huo mguu.

Mumeo

*

Ijumaa, 9 Mei

Mume wangu, na wewe mke mwenzangu,

Naandika mwenyewe. Kilichokatwa ni kidole cha mguu.

Sikumkataza mtu kusema. Usinisingizie mbele ya mtoto.

Barua zenu nimezisoma zote, maana mume wangu huziweka chini ya godoro upande wangu, zako pamoja na nakala za zake, anadhani mimi silali huko. Nimesoma uzi, nimesoma punda, nimesoma mjusi, nimesoma nani alimshauri nani. Mmegombana vizuri. Hakuna hata mmoja aliyeniandikia mimi. Mnaulizana ninyi kwa ninyi, mguu wake vipi, mguu wake vipi, kama vile mimi ndiyo zahanati na ninyi ndiyo kamati. Nilikuwa hapa hapa. Nina mdomo. Na mguu ulikuwa unauma, kama mnataka kujua, tangu siku walipobeba friji.

Wewe mtoto, barua ya onyo ni karatasi. Iweke. Lakini siku nyingine ukiogopa kikombe cha mtu, niandikie mimi. Mimi sichekeshi.

Wewe mzee, ukinionea huruma nionee mbele yangu.

Sasa mniache niwape habari. Karatasi imetoka mlangoni bila kungoja huo mhuri mnaoungoja huko, friji imerudi, Pamba amerudi Jumanne na Ijumaa. Wamesema watahesabu upya. Basi wahesabu. Nimechukua fimbo nikapita nyumba moja baada ya nyingine mtaa mzima. Nikamkuta huyu ana kikohozi tangu Krismasi, huyu presha anaipima kwa kuhisi kichwa, huyu mtoto hajapandishwa kwenye mzani tangu azaliwe. Wote walikuwa wananunua vidonge dukani kwa sababu walisoma ule mlango wakaamini tumeshafungwa. Sikulazimika kumleta mzima hata mmoja. Wagonjwa wapo wengi kuliko nilivyotaka kujua. Nimewaambia waje, waketi, waandikwe majina, na asiyeandikwa asitoke.

Leo foleni imetoka mlangoni, ikazunguka ukuta, ikafika barabarani. Watu wa lori la mkate walisimama kuuliza kuna nini. Pamba ameniletea kiti, nimemrudishia. Ameniambia, mama, mguu huo. Nikamwambia nikikaa mimi watakaa wote, na watu waliokaa wanaonekana wachache.

Kidole kimekwenda, hakuna cha kubofya kitakachokirudisha. Vimebaki tisa na navitaka vyote. Mwambieni yule bwana wa chai autazame ukuta wake. Nimesimama wa kwanza kwenye mstari, na Ijumaa ijayo nitasimama tena.

Mimi,
mwenye mguu